Nimwandae Neema kwa mtihani wa chuo, au nimwache aende alivyo?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya serikali hapa Marekani. Ualimu niliusomea nyumbani Tanzania; nilipohamia huku na familia nilihangaika na vyeti mpaka nikaruhusiwa kurudi darasani. Nafundisha darasa la 12, mwaka wa mwisho. Wengi wa wanafunzi wangu ni watoto wa wahamiaji na wakimbizi, na wakimaliza huelekea chuo cha jamii cha miaka miwili kilichopo mjini kwetu, kwa sababu ada yake inabebeka na kijana anaweza kuendelea kukaa nyumbani huku akifanya kazi.

Chuo hicho humpa mwanafunzi mpya mtihani wa kumpangia madarasa ya hesabu na Kiingereza, ule unaoitwa Accuplacer. Ukipata alama za chini hukataliwi, bali unapelekwa kwenye kozi za marudio. Unazilipia, unahudhuria, unatahiniwa, lakini krediti zake hazihesabiki kwenye shahada. Nimeona vijana wakikaa humo mwaka mzima wakirudia sehemu na asilimia, na wengine hawakutoka humo kwenda mbele. Waliacha chuo.

Mwaka huu uongozi wa shule umetuagiza sisi walimu wa darasa la 12 tusimamishe mada zetu kwa wiki sita tuwaandae watoto kwa Accuplacer tu. Kipindi hicho ndicho nilichokuwa nimekitenga kwa mradi wa takwimu. Wanafunzi huchagua swali linalowagusa, wanakusanya takwimu wenyewe, wanachora grafu, halafu wanasimama mbele ya wenzao kutetea walichokiona. Kuna watoto ambao mwaka mzima hawafungui mdomo, na siku hiyo husimama wakaeleza wastani na uwiano kama watu wazima. Kuuondoa mradi huo nilete karatasi za maswali ya kuchagua kunaniuma kweli.

Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu, anaona hata hizo wiki sita zisingekuwepo. Anasema mtihani huu ni kipimajoto, na ukimpa mgonjwa dawa ya kushusha homa kabla ya kumpima, daktari atatibu nini? Ofisa mmoja wa chuo aliyekuja kuzungumza na wanafunzi aliwaambia karibu hivyohivyo: njooni mlivyo, msijisumbue kusoma, ili tuwapange mnapostahili. Watoto walifurahi sana. Mimi sikufurahi, ila sikuwa na hoja ya kumjibu.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni mwanafunzi mmoja, nitamwita Neema. Ana miaka 18. Wazazi wake ni Wakongo. Alikulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, akasoma kwa Kifaransa, akaja Marekani akiwa na miaka 14. Kichwa chake cha hesabu ni chepesi. Nikimweleza mlinganyo kwa Kiswahili pembeni ya dawati lake, anaumaliza kabla sijanyanyuka. Swali lilelile likija kwa Kiingereza, limefunikwa na hadithi ya treni mbili au ya punguzo la bei dukani, analisoma na kulirudia na bado hana hakika anachoulizwa. Hata desimali humponza, kwa sababu kwa Kifaransa alizoea mkato mahali ambapo Wamarekani huweka nukta. Tulipowapa mtihani wa majaribio, alama zake zilimwangusha kwenye kozi ya marudio ya chini kabisa. Anaweka bidii, na alama zake za darasani tangu aingie shule hii ni nzuri.

Baba yake anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama. Alikuja kuniona asubuhi akitokea kazini, hajalala. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kwetu. Mfundishe mwanangu huo mtihani apite. Atakuwa nesi." Anataka niende kwao kila Jumamosi kumpa tuisheni, na amesema atanilipa. Binamu yake Neema aliingia chuo hichohicho bila maandalizi, akapangiwa marudio juu ya marudio, akakata tamaa. Sasa yupo kiwandani na mzee. Baba anaogopa lisijirudie, na siwezi kumlaumu.

Lakini kuna upande wa pili. Kijana mmoja wa shule yetu alilipiwa tuisheni na mtu wa nje, akakaririshwa mbinu mpaka akapata alama za juu, akapangiwa moja kwa moja aljebra ya chuo. Muhula wa kwanza akafeli. Mama yake alikuja shuleni kuuliza kwa nini mwanawe alipelekwa mahali asipopaweza. Ninapomfikiria Neema namwona binamu yake upande mmoja na kijana huyu upande mwingine.

Nyumbani nako mke wangu ananikumbusha, kwa upole, kwamba Jumamosi ndiyo siku pekee watoto wetu wananiona. Anasema nimeanza kuwabeba watoto wa watu wote.

Nifanye nini, Mama? Nitii agizo la wiki sita niache mradi? Nikubali Jumamosi kwa Neema? Na huyu baba nimwambie nini, kwamba kuanzia chini si aibu, au nimwahidi kwamba binti yake atapita?

Mwalimu aliye njia panda


MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu wangu.

Kwanza pokea shukrani zangu, maana barua yako imeandikwa na mtu anayewajua wanafunzi wake kwa majina na kwa namna wanavyokosea. Mwalimu anayegundua kwamba binti amekosa desimali kwa sababu ya mkato wa Kifaransa, wala si kwa uvivu wala ujinga, ameshafanya nusu ya kazi ambayo mtihani wowote hauwezi kuifanya.

Nikikuelewa vizuri, unaogopa pande mbili kwa wakati mmoja. Ukimwandaa Neema, huenda ukampandisha mahali atakapozama. Usipomwandaa, huenda ukamwacha ashushwe mahali asipostahili kuwa. Juu ya hapo kuna agizo la shule, baba mwenye matumaini makubwa, na familia yako inayokungoja Jumamosi. Sitakuamulia. Ila kuna mambo kadhaa umeyachukua kama yalivyo, na ningependa tuyageuze pamoja tuyatazame upya.

Tuanze na kipimajoto cha mwenzako. Hoja yake ina uzito, lakini imesimama juu ya dhana kwamba bila maandalizi mtihani huu hupima sawasawa. Kipimajoto hakiulizi mgonjwa anazungumza lugha gani, wala kama alishawahi kukiona. Mwaka 2012 watafiti wa Community College Research Center, kituo kilichopo Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba mitihani ya aina hii ilikuwa ikiwapanga vibaya sana karibu mwanafunzi mmoja kati ya wanne kwenye hesabu na mmoja kati ya watatu kwenye Kiingereza. Na walioshushwa isivyostahili walikuwa wengi kuliko waliopandishwa isivyostahili. Alama za sekondari, zile za miaka yote unazoziandika wewe na wenzako, zilitabiri maendeleo ya mwanafunzi vizuri zaidi. Mtihani mwingine uliokuwa ukitumika sana, Compass wa kampuni ya ACT, uliondolewa kabisa mwaka 2016. Kwa hiyo yule ofisa aliyesema "njooni mlivyo" alikuwa na nia njema, lakini Neema akienda alivyo, mtihani utapima hesabu yake pamoja na ugeni wake, na karatasi ya matokeo haitasema kipi ni kipi.

Kinachonifanya nifikiri hivyo ni namna mtihani wenyewe ulivyo. Wewe bila shaka unaujua, lakini jiulize kama Neema anaujua. Sehemu za hesabu za Accuplacer zina maswali 20 kila moja, na hazina saa inayohesabu. Huyu binti anayesoma swali mara tatu ana haki ya kulisoma mara tatu. Je, kuna aliyewahi kumwambia hivyo? Mwanafunzi aliyezoea mitihani ya kukimbizana na dakika hukisia upesi ili asichelewe, na hapa kukisia kunamgharimu, kwa sababu kompyuta huchagua swali linalofuata kulingana na ulivyojibu lililotangulia, na ukishathibitisha jibu huwezi kurudi nyuma. Kikokotoo chako hakiruhusiwi. Hujitokeza chenyewe kwenye skrini kwa baadhi ya maswali, kwa mengine hakuna. Alama huanzia 200 hadi 300, na hakuna mstari mmoja wa kufaulu na kufeli: kila chuo au jimbo hujiwekea kiwango chake. Hayo unaweza kuyaeleza katika kipindi kimoja. College Board, wenye mtihani, wanatoa mazoezi yake bure mtandaoni, na wasingeyatoa kama kujiandaa kungekuwa udanganyifu.

Sasa yule kijana aliyefeli aljebra. Naelewa kwa nini anakusumbua, na namwonea huruma mama yake. Lakini angalia alichoandaliwa. Unasema alikaririshwa mbinu. Kumkumbusha mtu sehemu alizosoma akiwa na miaka 12, au kumzoesha Kiingereza cha maswali ya hesabu, ni kazi tofauti na kumfundisha kutambua jibu kwa umbo lake bila kujua limetoka wapi. Lile la kwanza atalibeba mpaka darasani chuoni. Hili la pili linaisha siku ya mtihani. Swali ningekuachia wewe, kwa sababu unamfundisha na mimi simfundishi: anachopungukiwa Neema ni hesabu, ni kumbukumbu, au ni lugha? Kwa ulivyoeleza naona lugha zaidi. Ila akikaa na wewe ukamsikiliza akifanya swali kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, utajua hakika. Na ukigundua kwamba mashimo ya hesabu nayo yapo, hilo nalo ni jambo jema kulijua mapema.

Kuna dhana nyingine ambayo ninyi wote wawili, wewe na baba, mmeianza nayo: kwamba lazima Neema aufanye huu mtihani. Pengine ni lazima, pengine si lazima. Marekani kila jimbo lina lake. Florida ilipitisha sheria mwaka 2013 iliyowaondolea wengi wa wahitimu wa sekondari zake za serikali ulazima wa mtihani huu na wa kozi za marudio. California, kwa sheria ya 2017 inayojulikana kama AB 705, imevitaka vyuo vyake vya jamii kuangalia alama na masomo ya sekondari, na kutompeleka mwanafunzi kwenye marudio isipokuwa pale inapoonekana kwamba kuna uwezekano mdogo sana wa yeye kufaulu kozi ya kawaida. Texas bado ina mtihani wake, TSIA2, lakini nao una njia za kusamehewa. Vyuo vingi katika majimbo mengine huchanganya vipimo: alama za mtihani, wastani wa sekondari, wakati mwingine SAT au ACT, mitihani ya kitaifa ya kuombea nafasi za vyuo. Katika vyuo vya jamii vya jimbo la New York vilivyojaribu mchanganyiko huo, wanafunzi ambao mtihani pekee ungewashusha lakini wakapandishwa kwa kuangaliwa kwa upana walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao walioachwa chini.

Neema ana miaka minne ya alama nzuri shuleni kwako. Kabla hujatoa Jumamosi hata moja, piga simu chuoni, au bora mwambie Neema apige ukiwa pembeni yake, aulize kama alama hizo zinaweza kutumika badala ya mtihani au pamoja nao. Aulize pia anaruhusiwa kurudia mtihani mara ngapi na baada ya muda gani, na kama chuo kina kozi ya kawaida inayoambatana na darasa la msaada muhula uleule. Utaratibu huo umeenea sana miaka hii: mwanafunzi anaingia hesabu yenye krediti tangu mwanzo, na saa kadhaa kwa wiki anapata darasa la ziada la kumshika mkono. Kwa mtu mwenye kichwa chepesi na lugha nzito, huenda ndiyo nafasi inayomfaa kuliko zote mbili ulizokuwa ukiziona. Nayo ina hatari zake: saa za darasani zinaongezeka, na kama atakuwa anafanya kazi, lazima ajue hilo kabla. Na aulize kuhusu Kiingereza. Vyuo vingi vina njia ya pekee kwa wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya ugenini, yenye mtihani wake na madarasa yake. Njia hiyo humsaidia mwenye kuihitaji na humchelewesha asiyeihitaji, na ni vigumu kubadili ukishaingizwa. Neema aichague akiijua, asijikute tu ameshapangiwa.

Halafu, Mwalimu, hesabu gani? Baba anasema nesi. Watu wengi husikia "hesabu ya chuo" wakadhani ni aljebra moja kwa kila mtu. Programu nyingi za unesi zinataka takwimu, nyingine zinataka hesabu za vipimo vya dawa, nyingine zinataka aljebra kweli. Angalia masharti ya programu yenyewe kwenye chuo chenu. Nakueleza hili kwa sababu ya jambo lililofanyika kwenye vyuo vya jamii vya Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, mwaka 2013. Walichukua wanafunzi waliokuwa wamepangiwa aljebra ya marudio, wakawagawa kwa bahati nasibu. Waliobaki kwenye aljebra hiyo ya kawaida walifaulu asilimia 39. Waliopelekwa moja kwa moja kwenye takwimu za chuo zenye krediti, wakipewa warsha ya msaada kila wiki, walifaulu asilimia 56. Hao ndio ambao mtihani ulikuwa umesema hawako tayari. Sisemi Neema naye itakuwa hivyo. Nasema kwamba kabla ya kuuliza atapata alama ngapi, inafaa kujua anazihitaji kwa ajili ya mlango upi.

Hapo narudi kwenye mradi wako, ambao uliuandika kwa mapenzi mpaka nikatamani kukaa darasani kwako. Umeuweka upande mmoja na maandalizi upande mwingine. Je, viko mbali hivyo? Sehemu moja ya hesabu za Accuplacer inahusu uwiano, asilimia, milinganyo ya mstari, kusoma grafu, uwezekano na takwimu za maelezo. Watoto wako wakitafuta wastani wa takwimu walizozikusanya wenyewe wanafanya mambo hayohayo, na wakisimama kuyaeleza kwa Kiingereza wanazoea lugha ileile inayomkwamisha Neema. Ungeweza kwenda kwa uongozi na mpango mmoja: mradi unabaki, lakini kila wiki una maswali ya mtindo wa mtihani yaliyotokana na takwimu za watoto wenyewe, na vipindi vichache vya kuizoea kompyuta. Naona hatari ya njia hiyo pia. Watoto ambao sehemu na namba hasi bado haziwakai hawatazipata kwa mradi pekee; wanahitaji mazoezi ya waziwazi, ya kurudiarudia, na kuwanyima hayo kwa jina la mradi mzuri kungekuwa kuwaacha nyuma. Nao uongozi huenda usikubali. Ukikataliwa, bado unachagua jinsi ya kufundisha hizo wiki sita ndani ya darasa lako.

Na ukizungumza na wakuu wako, kuna mfano wa Tennessee unaoweza kuwasaidia kufikiri. Huko walihamishia hesabu za marudio kwenye darasa la 12, kwa programu iitwayo SAILS. Wanafunzi wengi waliepuka marudio chuoni, na hilo liliwaokolea muda. Lakini watafiti waliowafuatilia hawakuona kwamba uwezo wao wa hesabu uliongezeka wala kwamba walifaulu zaidi hesabu ya chuo. Kuvuka mtihani na kuimarika kwenye somo havikwenda pamoja, jambo ambalo moyo wako ulishakuambia.

Kuhusu Jumamosi, nitasema kwa uangalifu kwa sababu naona ulivyobanwa. Baba amekuomba kama ndugu, na mtu wa kwetu akikuomba akitoka kazini bila kulala, kukataa ni kuzito. Mke wako naye hakukukataza, alikukumbusha. Wote wawili wana haki. Kabla ya lolote, uliza masharti ya wilaya ya shule yako kuhusu kulipwa na mzazi wa mwanafunzi unayemfundisha mwenyewe. Wilaya nyingi zinalizuia, na lingeweza kukuharibia kazi uliyoihangaikia kwa vyeti miaka yote ile. Ukiacha malipo bado kuna swali la wenzake. Neema si peke yake darasani anayesoma swali mara tatu. Kundi dogo la baada ya masomo, au maktaba ya mji Jumamosi moja moja, lingewafikia wengi na lingekuacha na familia yako. Lakini najua pia kwamba kuna watoto ambao hufunguka wakiwa peke yao tu, na kwamba hisani ya mtu mmoja kwa mtoto mmoja imewabadilishia wengi maisha. Hili lipime wewe na mama watoto mkiwa mmekaa, na kama mtakubaliana kuhusu Jumamosi, mkubaliane pia zitaisha lini.

Huyo baba sasa. Unaniuliza umwahidi au umtulize. Nafikiri kuna jambo la tatu: umweleze. Amesikia neno mtihani, akakumbuka binamu, akaona mlango unaofungwa. Mweleze kwa Kiswahili, taratibu, kwamba mtihani huu haumfukuzi mtu, unampangia pa kuanzia, na pa kuanzia pana gharama zake. Kama Neema anastahili Pell Grant, yaani msaada wa ada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, msaada huo unaweza kulipia marudio mpaka krediti 30, lakini una kikomo cha mihula 12 kwa maisha yote ya masomo yake, kwa hiyo mihula ya marudio inakula akiba hiyo. Mweleze na kisa cha yule kijana wa aljebra: ukifeli kozi nyingi, msaada wenyewe unaweza kusimamishwa. Mzazi anayefahamu pande zote mbili anaweza kuvumilia jibu lolote litakalotoka. Ahadi kwamba atapita usiitoe, maana si yako kuitimiza, na siku ikivunjika itavunjika kati yako na mzee aliyekuamini.

Nimeliacha la mwisho lile lililonigusa zaidi. Katika barua yako nimemsikia baba, mke wako, mwenzako, ofisa wa chuo, hata mama wa yule kijana. Neema mwenyewe sijamsikia. Sijui kama anataka unesi. Sijui kama anaogopa kuanzia chini, au anaogopa zaidi kupelekwa juu akaaibika mbele ya Wamarekani. Ana miaka 18, na jina litakaloandikwa kwenye hiyo skrini ni lake. Pengine ameshafikiri zaidi ya tunavyodhani. Muulize kabla hujajibu agizo la shule, kabla hujampigia baba yake simu. Muulize kwa Kiswahili.

Majibu ya chuo yakishapatikana, pamoja na atakachosema binti, niandikie tena tuendelee kutoka hapo. Na ukiniambia jimbo lenu, naweza kukusaidia kupekua masharti yake ya kusamehewa mtihani.

Wako,
Mama Mshauri